Godoro la Mgonjwa Asiyegeuka

"Sista, tununue godoro gani?"

Naulizwa hivi karibu kila nyumba ninayoingia hapa Tanga, iwe Ngamiani, Makorora au Mikanjuni. Mara nyingi fedha zimeshachangwa. Mtoto aliye Dar katuma yake kwa simu, wa Mombasa kaahidi kuongezea, na kuna kijana kati yao kashawaonesha wenzake picha ya godoro lenye pampu. Wote wananisubiri nitaje duka. Mimi huomba kwanza tumgeuze mgonjwa.

Tunamlaza ubavu, natoa kanga, naanza kukagua: mfupa wa kiuno ulio juu ya mkunjo wa makalio, nyonga zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, mabega, viwiko, kisogo, masikio. Hapo mfupa uko karibu na ngozi, na hapo ndipo nyama hufa kwanza kwa mtu alalaye bila kujigeuza. Nimeuguza wodini mpaka nikastaafu, sasa nauguza majumbani, na sijaona kidonda kinachoitesa familia kuliko hiki cha kulalia. Kinaanza mgonjwa akiwa mikononi mwao, wanamwosha kila siku, wanamlisha kwa kijiko, na bado siku moja wanakuta shimo linaloingia kidole.

Mtu mzima mwenye afya hugeuka usingizini mara nyingi bila kujua. Mwili unaumia kidogo, unajisogeza, usingizi unaendelea. Aliyepata kiharusi, aliyevunjika uti wa mgongo, bibi aliyevunjika nyonga, mgonjwa wa saratani aliyeishiwa nguvu, hao hawajisogezi. Wengine hata hayo maumivu ya kuwaonya hawayasikii. Uzito unatua palepale. Nyama iliyo kati ya mfupa na godoro inabanwa, mishipa midogo ya damu inajifunga, na sehemu ile inakaa bila damu. Mwaka 1930 mtafiti Eugene Landis alipima nguvu ya damu ndani ya mishipa hiyo midogo kwenye ngozi ya kando ya ukucha, akapata wastani wa milimita 32 za zebaki pale damu inapoingia kwenye mishipa hiyo. Ni nguvu ndogo sana. Mfupa wa kiuno uliolaliwa juu ya kitu kigumu huipita kwa mbali. Mwaka 1959 Michael Kosiak akaonesha kwa majaribio ya mbwa kwamba mgandamizo mdogo uliokaa kwa saa nyingi huua nyama sawa na mgandamizo mkubwa uliokaa kwa muda mfupi.

Nayakumbuka hayo mawili kila nikiulizwa kuhusu godoro, kwa sababu yanagawa kazi. Godoro linashughulika na uzito: linaupokea mwili, linautandaza mahali papana ili mfupa mmoja usibebe yote. Muda unashughulikiwa na mikono ya watu. Godoro zuri linakuongezea muda kabla hujalazimika kumgeuza. Halikuondolei kumgeuza.

Kabla sijafika kwenye magodoro yenyewe, niseme jambo la ngozi zetu, maana wengi wanakosea hapa kwa kufuata maandishi yaliyoandikwa kwa ngozi nyeupe. Utaambiwa tafuta wekundu, ubonyeze kwa kidole uone kama unapotea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa. Tumia mgongo wa mkono wako. Gusa juu ya mfupa, kisha gusa ngozi iliyo pembeni, ulinganishe. Je, hapa pana joto zaidi, au pamepoa? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kwa namna isiyo ya kawaida? Washa tochi ya simu uimulike ngozi kwa ubavu, utaona kama pameiva kuelekea rangi ya zambarau au pamekuwa peusi zaidi ya jana. Mgonjwa akishtuka au akikunja uso unapogusa, amekwishakwambia. Na ujue kwamba madhara mengi huanzia chini, kwenye nyama iliyoshikana na mfupa, kwa hiyo sehemu yenye rangi ya zambarau unayoiona leo inaweza kuwa kazi ya siku mbili tatu zilizopita. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, sehemu hiyo isilaliwe tena mpaka itulie, hata kama umenunua godoro la bei gani.

Sasa sponji. Kwa nyumba nyingi ninazoingia hilo ndilo chaguo langu la kwanza, na huwa nasikitika familia ikiruka sponji nzuri kwenda moja kwa moja kwenye pampu. Sponji ya hospitali inayotegemewa huwa na uzito wa karibu kilo 35 au zaidi kwa kila mita moja ya ujazo, na unene wa sentimita 15, yaani inchi 6 zilezile tunazozijua madukani. Muuza magodoro huenda asikutajie namba ya uzito. Basi pima. Godoro la futi 3.5 kwa 6 lenye unene wa inchi 6 linatakiwa kufika kama kilo 10 na nusu. Likiwa chini ya kilo 6, hiyo ni sponji nyepesi ambayo kwa mgonjwa wa kulala mchana na usiku itabonyea katikati mapema na isirudi. Kama dukani hakuna mizani, jirani anayeuza mchele anayo. Nimewaona vijana wakilibeba godoro mpaka kwenye mizani ya nafaka na watu wakiwatazama, na nikawasifu.

Lakini uzito pekee usikudanganye. Kuna magodoro mazito na magumu mno, yaliyofanywa kwa vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa pamoja, ambayo huuzwa kwa wenye maumivu ya mgongo. Mwenye afya anaweza kuyapenda. Mgonjwa aliyekonda na asiyejigeuza atalala juu yake kwenye mifupa yake mitupu. Kwa hiyo ukishapima, piga goti katikati ya godoro. Linatakiwa likupokee, uzame kidogo, likushike pande zote bila goti kugonga chini, na ukiinuka lirudi palepale lilipokuwa. Wanaoweza kumudu sponji laini inayofuata umbo la mwili taratibu na kurudi taratibu, wakaipata ikiwa imewekwa juu ya sponji ngumu kidogo, watakuwa wamepata kitu bora zaidi, ingawa kwa joto letu la Januari na Februari sponji ya namna hiyo huhifadhi joto na mgonjwa hutoka jasho.

Godoro likishafika nyumbani, vua nailoni lililokuja nalo. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimekuta magodoro mazuri kabisa yakiwa bado ndani ya nailoni la dukani, familia ikiogopa mkojo. Nailoni linakakamaa, linakunjamana, linanasa jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi kuliko kavu. Lishonee godoro jalada la kitambaa laini kisichopitisha maji kinachonyumbuka, chenye zipu, na juu yake shuka moja tu, isiyokazwa. Ukikaza shuka, sponji haiwezi tena kuupokea mwili. Ukipanga shuka, mpira, kanga mbili na pampasi juu ya godoro la gharama, mgonjwa hayupo tena juu ya godoro. Yuko juu ya hivyo vitambaa.

Tazama na kilicho chini. Chaga zilizoachana sana zinaiachia sponji izame katikati yake. Ongeza mbao, au tandika ubao bapa wenye matundu ya hewa. Kitanda cha kamba kilicholegea kinampeleka mgonjwa katikati, uzito wote unashuka kwenye makalio, na mtu mmoja hawezi kumgeuza. Godoro la sufi walilolalia bibi zetu lilikuwa laini likiwa jipya, lakini likikaa linafanya mabonge, na bonge moja chini ya mfupa wa kiuno linatosha. Kama ndilo lililopo, lichambuliwe, lianikwe juani na kushonwa upya, na juu yake iwekwe sponji.

Kisha fanya jaribio la kiganja, ambalo namfundisha kila anayeuguza, hata binti wa kazi. Mgonjwa akiwa amelala chali, pitisha mkono chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, mpaka chini ya mfupa wa kiuno. Unatakiwa uhisi angalau inchi moja ya sponji ambayo haijabanwa kati ya mkono wako na mwili wake. Ukiuhisi mfupa wake umekukalia, godoro limekwisha hata kama kwa macho linaonekana jipya. Rudia kila mwezi. Sponji haichoki kwa siku moja ukaona; inachoka polepole palepale anapolala.

Nije kwenye godoro la upepo, lile la pampu. Lina vipovu au mirija inayojaa hewa kwa zamu: hii inajaa, jirani yake inanywea, na baada ya dakika kama 10 zinabadilishana, ili kila sehemu ya mwili ipate kupumzika. Ni kifaa kizuri. Kwa mtu asiyeweza kujisogeza hata kidogo, kwa ambaye tayari ana kidonda upande mmoja na hana pa kulalia, au kwa nyumba yenye muuguzaji mmoja aliyechoka, mimi mwenyewe husema tafuteni hilo. Kama uwezo upo, chukueni la mirija minene kuliko lile jembamba la vipovu, hasa kwa mgonjwa mzito.

Ila lina masharti. Liwekwe juu ya godoro la sponji, kamwe lisilazwe juu ya chaga, kwa sababu umeme ukikatika na hewa ikatoka mgonjwa atabaki juu ya mbao usiku wa manane. Pampu ina kitufe cha kuzungusha kinacholingana na uzito wa mgonjwa. Wengi hukizungusha hadi mwisho wakidhani likiwa gumu ndiyo linafanya kazi. Likiwa gumu kama mpira wa miguu, mgonjwa analala juu ya vilima tu. Weka kwenye uzito wake, halafu pitisha kiganja kati ya godoro la upepo na sponji iliyo chini, utafute ile inchi moja. Ukimwinua akae kula, uzito unakusanyika kwenye makalio, kagua tena. Kila ukiingia chumbani, sikiliza pampu na utazame mirija ya hewa isiwe imekunjwa chini ya chandarua kilichochomekwa. Pini, sindano na makucha ya paka visikaribie. Umeme ambao pampu inakula ni mdogo, hata balbu ya zamani ilikula zaidi, kwa hiyo msiizime usiku kwa kuogopa LUKU.

Je, la upepo linaizidi sponji nzuri kwa kiasi cha kuifanya familia ikope? Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 2,029, nusu juu ya godoro la upepo na nusu juu ya sponji bora ya hospitali. Waliopata kidonda walikuwa 6.9 kwa kila 100 upande wa upepo na 8.9 kwa kila 100 upande wa sponji. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kuwa upepo umeshinda. Wagonjwa wale walikuwa hospitalini, wana wauguzi na umeme usiokatika. Mimi nikisoma namba hizo nafikiria nyumba ya Mwanzange, hapahapa Tanga, yenye mama mmoja na wajukuu, na ninawaambia: nunueni sponji nzuri, fedha inayobaki mlipeni mtu wa kulala na mgonjwa usiku.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, wa Tom Defloor na wenzake wa Ubelgiji, mwaka 2005. Wazee waliolalia sponji laini inayofuata mwili na kugeuzwa kila baada ya saa 4 walipata vidonda vichache kuliko waliolalia godoro la kawaida wakageuzwa kila baada ya saa 2. Hapo ndipo utaona fedha ya godoro inakwenda wapi. Inanunua usingizi wa anayeuguza. Binti aliyekuwa anaamka mara 4 usiku anaweza kuamka mara 2, akapata nguvu ya kumwinua mama yake asubuhi bila kumburuta. Hata hivyo siwapi watu saa 4 siku ya kwanza. Tunaanza na saa 2, tunakagua ngozi kila tunapomgeuza, ngozi ikiwa salama kwa siku kadhaa tunasogeza hadi 3, kisha 4. Ngozi yake ndiyo inayopanga ratiba.

Hiyo desturi ya saa 2 ina historia ya heshima. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati ule askari aliyepooza miguu alihesabiwa kuwa mtu wa kufa karibuni, na wengi walikufa kwa usaha wa vidonda hivi na wa njia ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na alikuwa akizunguka usiku mwenyewe kuhakikisha. Wakaishi. Mwaka 1948 baadhi yao walishindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na kutokana na mashindano yale ikazaliwa michezo ya Paralimpiki.

Kuna vitu ninavyoviondoa kitandani siku ya kwanza, na wakati mwingine wenye nyumba wanakasirika kwa sababu walivitengeneza kwa upendo. Ringi ya mpira wa tairi iliyofungwa vitambaa na kuwekwa chini ya makalio: shimo la katikati linaonekana kama linaokoa mfupa, kumbe ukingo wake unabana ngozi pande zote na kuzuia damu isifike pale katikati. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino: eneo lake ni dogo, zinabonyea, zinapasuka, na kisigino kinabaki kimebanwa. Kusugua kwa spirit na poda pale palipobadilika rangi: nyama iliyoanza kufa ukiisugua unaimalizia. Paka mafuta ya kawaida kwenye ngozi kavu ya mwili, lakini juu ya mfupa uliobadilika usisugue.

Kisigino nacho kina dawa rahisi isiyohitaji godoro lolote. Weka mto chini ya misuli ya mguu, kuanzia nyuma ya goti mpaka juu ya kifundo, goti likiwa limekunjwa kidogo, ili kisigino kining'inie hewani bila kugusa kitu. Pitisha karatasi chini ya kisigino. Ikipita bila kukwama, umefanya vizuri. Magodoro ya gharama kubwa yanashindwa na visigino, mto unaviokoa.

Unapomlaza ubavu, usimsimamishe wima juu ya nyonga. Mwegemeze nusu, mto mgongoni, mwingine kati ya magoti, uzito ukae kwenye nyama ya kalio na bega litulie. Usiinue kichwa cha kitanda sana isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baadaye. Akiwekwa nusu kukaa anateleza polepole kuelekea miguuni, ngozi inabaki imeshikwa na shuka huku mfupa ukiteremka ndani, na mishipa katikati inanyooshwa hadi kukatika. Ili kumpandisha juu, tandika kanga iliyokunjwa kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili, mmoja kila upande, mhesabu pamoja na kumnyanyua. Asivutwe kwa kwapa.

Na wale wanaotolewa nje kukaa barazani wakati wa jioni wasisahaulike. Kiti cha plastiki au cha magurudumu kisicho na sponji kinabana mifupa miwili ya kukalia vikali kuliko kitanda chochote, kwa hiyo akatiwe kipande cha sponji nzuri cha inchi 4, na kila baada ya robo saa hivi ainuliwe kidogo au aegemezwe upande. Ale pia: dagaa, mayai, maharage, maziwa, maji ya kutosha. Nyama hailindwi na godoro kama hailishwi.

Familia nyingi humaliza uuguzi zikiwa na godoro, mgonjwa akiwa amepona au ametangulia, na hulitoa kwa jirani mwenye mgonjwa. Ni jambo jema na mimi huubeba ujumbe huo mtaa hadi mtaa. Kabla ya kulipokea, fungua zipu ya jalada utazame sponji yenyewe. Ikiwa na doa la maji lililoingia ndani au harufu, isitumike tena kwa mgonjwa, hata ikianikwa juani wiki nzima. Ikiwa safi, piga goti katikati, ufanye jaribio la kiganja na mtu aliyelala juu yake, futa jalada kwa maji yenye dawa ya klorini, suuza, kausha. La upepo lijazwe na kuachwa likifanya kazi usiku kucha kabla mgonjwa hajalilalia. Asubuhi gusa kila mrija, mmoja mmoja, uone kama umeshika hewa.